Zahanati ya Manyata Tupu

Kazi yangu iliitwa uchambuzi wa sera, na nyumbani kwetu Endabash hapakuwa na mtu aliyeielewa. Baba alinisikiliza hadi mwisho huku akipukuchua mahindi, kisha akauliza kama nalipwa kila mwezi. Nilipomwambia nalipwa, akasema basi ni kazi. Mama aliwatangazia majirani kwamba binti yake ni daktari wa makaratasi, na hilo neno la makaratasi alilitamka kwa sauti ya chini. Kwa hiyo kila nilipokwenda likizo nilikuta kina mama wamekaa barazani, kila mmoja na mtoto wake mwenye kikohozi. Niliwaambia mimi sitibu. Waliniangalia kwa huruma, kama wanavyoangaliwa watu waliosoma mpaka wakaishiwa, wakabeba watoto wao wakaenda zao.

Sikuwalaumu. Miaka ile ya mwanzo ya themanini, ofisi yetu pale Arusha ilikuwa na taipureta moja ya kugombea na ramani ya mkoa iliyofunika ukuta mzima. Mbele ya ramani hiyo tuliamua zahanati ijengwe wapi, chanjo zipelekwe wapi, na ni wananchi gani wahimizwe zaidi kuchimba vyoo. Tuliamua bila kutoka nje, kwa sababu petroli haikuwepo. Petroli ilipopatikana, gari halikuwa na tairi. Vilipopatikana vyote viwili, mkuu wangu wa kitengo alikuwa semina.

Mkuu huyo hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema ili nisije nikasahau. Alikuwa na Kaunda suti za rangi mbalimbali, na alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chakula, nalo ni mwamko. Surua ikiua watoto mahali, wananchi wa hapo hawakuwa na mwamko. Chanjo ikichelewa kufika kwa sababu jokofu letu limekosa mafuta ya taa, bado waliokosa mwamko ni wananchi. Nilikaa naye miaka, na sikumbuki ugonjwa hata mmoja ambao kwake ulisababishwa na kitu kingine.

Basi wafadhili kutoka nje wakatoa fedha za zahanati moja, kwa sharti kwamba iwe ya wafugaji. Mkuu alifurahi, kisha akapata homa. Wafugaji ndio waliokuwa wakimnyima usingizi. Serikali ilikuwa imewataka watu wakae pamoja vijijini, na sisi wakulima wa nyanda za juu, kwa kupenda na kwa kusukumwa, tulikuwa tumekwisha kukaa. Wamasai wao kila walipohesabiwa walikuwa wamehama kabla hesabu haijafika Arusha. Zahanati haiwezi kuwafuata watu, alisema mkuu, ni lazima watu waifuate zahanati. Akaamua twende tukatafute mahali wenyewe.

Tuliondoka Karatu asubuhi, mkuu, mimi na dereva, tukapita geti la hifadhi na kupanda mlima ndani ya ukungu hadi ukingo wa kreta, ambako mkuu aliagiza gari lisimame ili aitazame. Hakuona kitu. Ukungu ulikuwa umeijaa kreta nzima. Akasimama pale, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nchi yetu ni tajiri sana. Dereva aliacha injini inanguruma kwa sababu gari lile likizimwa lilihitaji kusukumwa.

Tukateremka upande wa pili. Barabara ikawa njia, njia ikawa nyayo za ng'ombe, na alasiri tukafika nchi ya Kakesio, ambako maboma hukaa mbalimbali, moja huku na jingine kule mbele ya upeo wa macho. Mkuu alikuwa amejiandaa kukasirika. Lakini tulipovuka kilima kimoja, pale chini tukaona nyumba zimepangwa kwa duara moja kubwa, nyumba kando ya nyumba, zote mpya, samadi ya kutani haijakauka. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwamko," alisema.

Mtu yeyote aliyekulia upande wetu angeweza kumweleza alichokuwa anakiona. Ile ilikuwa manyata ya sherehe. Morani wa rika moja walikuwa wanaumaliza umorani wao, na kwa desturi mama zao huja kutoka kila upande, wakajenga nyumba mahali palipochaguliwa kwa shughuli hiyo tu. Watu huimba, huchinja, hunyolewa, na mambo yakiisha kila mama hurudi kwake. Manyata huachwa. Habaki hata mbwa. Ilikuwa sawa na kupita mahali penye harusi, ukaona umati, ukasema hapa pajengwe shule.

Dereva, ambaye ni wa Karatu, aliniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwamba hawa watu wako kwenye sherehe yao. Nikamwuliza mbona hamwambii mkuu. Akasema yeye ameajiriwa kuendesha.

Nikamwambia mimi.

"Ndugu mkuu, hiki si kijiji. Hii ni manyata ya sherehe. Wakimaliza wanaondoka."

"Nani kakwambia?"

"Nimekulia huku."

"Umekulia Endabash, ndugu. Huku ni Kakesio." Akanionyesha duara lile kwa mkono uliofunguka, kama vile amelijenga yeye. "Mtu hajengi nyumba ili aihame. Kama kuna sherehe, basi wanasherehekea kijiji chao."

Wazee walimpa kigoda na maziwa, naye akaanza kuwauliza maswali kwa Kiswahili cha mkutano wa hadhara, na wao wakaitikia ndiyo, kwa adabu, kila alipopumua. Aliwauliza kama wanahitaji zahanati. Ndiyo. Kama wako tayari kushirikiana na serikali. Ndiyo. Kama watakaa. Ndiyo, walikuwa wamekaa, kwani alitaka wasimame?

Mimi nilivutwa pembeni na mama mmoja mtu mzima, kichwa amenyoa, shanga zimemjaa kifuani. Nilimwinamishia kichwa, nikamwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, akanigusa utosini. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwenye mnada wa Karatu, akinunua mahindi.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, yeyo. Mimi naandika madaktari wakae wapi."

"Basi wewe ni mkubwa kuliko daktari," alisema. Nusura nimkumbatie. Hakuna mtu aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri namna ile, na wala si kweli.

Akanishika mkono, akanieleza alichotaka. Wao, shughuli ikiisha, wanarudi kwenye maji, kwenye visima vyao vya siku zote. Kiangazi watu wote wako pale, na mvua zikinyesha vijana huondoka na ng'ombe, lakini wazee na kina mama wenye watoto hubaki. Nyumba ya daktari ikae pale. Kisha akanieleza kwa nini. Mke wa mwanawe wa kwanza alishindwa kuzaa. Vijana walimbeba kwenye ngozi ya ng'ombe, wakatembea naye siku nzima kuelekea hospitali, na jua lilipozama walikuwa wamebeba maiti na mtoto wake tumboni.

"Sasa kijana yangu hii ya mwisho anatoka kwa umorani," alisema. "Ataoa. Bibi yake ni mtoto bado, nyonga yake ni ndogo. Andika kwa maji."

Nilimwambia nitaandika. Na niliandika. Niliandika waziwazi kwamba mahali tulipopaona si makazi, kwamba makazi yako kwenye visima, na kwamba zahanati ijengwe visimani. Ripoti ilipotoka kwa mpiga chapa, aya yangu ilikuwa imepumzishwa, na mahali pake palikuwa na sentensi isemayo wananchi wa eneo hilo wameonyesha mwamko wa hali ya juu katika kuishi pamoja. Nilikasirika hadi nikashindwa kunywa chai. Kwenye kikao nikalisema tena, mbele ya watu. Mjumbe mmoja, mtu mwangalifu, akauliza kama kweli kuna hatari ya wananchi hao kuhama. Mkuu akakiri kuwa hatari haikosi. Basi kikao kikajadili jambo hilo kwa kina na kikapitisha kwamba wananchi waelimishwe wasihame. Nikapangiwa mimi kuandaa semina.

Semina yenyewe haikufanyika kwa kukosa petroli, na wananchi, bila kuelimishwa, wakahama. Mafundi walipofika na mawe na saruji, manyata ilikuwa tupu. Fundi mkuu alisema hajawahi kupata eneo tulivu kama lile. Walitumia miti ya manyata kupikia ugali, na wakajenga nyumba nzuri, sina la kuisema vibaya: vyumba vinavyopitisha hewa, sakafu ya saruji, mabati yaliyong'aa hadi ukiwa mbali unafikiri ni ziwa. Nilikwenda kuikagua ikiwa inapakwa chokaa. Punda milia walikuwa wanajikuna kwenye ukuta wa chumba cha wazazi.

Nilirudi nikamwambia mkuu: pale hapana mtu. Bado tuna saruji iliyobaki, bado tuna mabati, tujenge hata chumba kimoja visimani. Alinisikiliza kwa upole wote.

"Unajua, ndugu, unayosema yana ukweli," alisema. "Lakini ramani imeshapigwa muhuri."

Nikauliza kama wanawake wa Kakesio nao wanazaa kwa muhuri. Akacheka. Huo ndio uliokuwa ubaya wake mkubwa, alikuwa anacheka, na mtu anayecheka huwezi kugombana naye mpaka mwisho.

Zahanati ikakaa hivyo, imefungwa kwa kufuli, haina mganga, haina dawa, haina kitanda, ila kwenye hesabu za mkoa ilikuwa zahanati kama nyingine. Wafugaji wakaingia kwenye safu ya waliofikiwa na huduma. Mimi mwenyewe niliambiwa niichambue safu hiyo, nikaichambua, nikaandika kwamba waliofikiwa ni punda milia, na ukurasa huo nao ukapumzishwa.

Halafu wafadhili wakataka kuona zahanati yao ikifunguliwa, na kutoka Dar es Salaam likaja neno kwamba atakuja mgeni rasmi.

Hapo ndipo nilipoiona serikali yangu ikifanya kazi, na nakiri ilinitisha. Petroli ilipatikana. Tairi zilipatikana. Lori la chama cha ushirika, ambalo tulikuwa tumeliomba mara nyingi kwa ajili ya chanjo na kuambiwa limevunjika springi, lilipona. Kitanda cha kuzalia na godoro vikaazimwa Karatu. Maboksi ya dawa yakaazimwa, mengine yakiwa na dawa ndani. Mkunga akaazimwa kutoka kwetu Endabash, mama mnene mwenye maneno machache aliyemzalisha nusu ya kata, pamoja na wadogo zangu, na kwenye zahanati yake mlango ukafungwa, kina mama wakaambiwa wasubiri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliona hapo pana utaratibu mzuri: mgeni asipokuja, mwenyeji asipone.

Kikabaki kitu kimoja, watu. Mgeni rasmi hawezi kufungua zahanati mbele ya punda milia. Tulilala pale zahanati, na alfajiri ya siku yenyewe mkuu akanituma mimi na lori, twende visimani tukawalete wananchi.

"Wewe wanakusikiliza," alisema. "Uwaambie waje na ngoma."

Tulifika visimani jua likichomoza. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, lakini kabla sijashuka vizuri yule yeyo alikuwa ameshafika kwenye mlango wa lori, na nyuma yake wanawake wawili wamemshika msichana anayetembea akisimamasimama. Uchungu ulikuwa umemwanza usiku. Ni yule mke wa mwanawe wa mwisho, na kweli alikuwa mtoto bado.

"Niliwaambia utaleta gari," yeyo aliniambia. "Wazee walisema serikali haileti gari. Mimi nikasema huyu ataleta, aliandika."

Sikumwambia lori lilikuwa limekuja kuchukua wapiga makofi. Hasira iliyonipata pale ilikuwa ya kutaka kulia, na sikuwa na wa kumpiga. Tulimpandisha yule msichana, tukamlaza juu ya ngozi, wanawake wakakaa kumzunguka ili asirushwe, kisha wakapanda wengine wote waliotaka kwenda kwenye nyama ya ufunguzi, na lori likaondoka. Vijana waliimba njia nzima. Dereva wa lori alijitahidi kukwepa mashimo, lakini ni nchi yenye mashimo.

Pale zahanati palikuwa pamependeza. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, mgambo wamesimama na virungu, na mlangoni umekatiza utepe mwekundu wa hariri. Mkunga amesimamishwa kando ya mlango na gauni jeupe lililopigwa pasi hadi likawa linasimama lenyewe. Mgeni rasmi alikuwa hajafika. Ilisemekana amesimama kidogo kwenye ukingo wa kreta.

Tulimteremsha msichana. Mkunga alimtazama mara moja tu, akakunja mikono ya gauni.

"Huyu aingie," alisema.

"Aingie wapi?" mkuu akauliza.

"Ndani. Kwenye kitanda."

Mkuu aliutazama mlango, akautazama utepe, akamtazama msichana, na niliona kabisa anataabika. "Haijafunguliwa," alisema. "Mama, elewa, haijafunguliwa. Mgeni rasmi yuko njiani. Tumweke kwenye kivuli cha turubai, tumpe maji, ukikatwa tu utepe anakuwa wa kwanza kuingia. Itapendeza hata kwenye taarifa."

"Mtoto anakuja," mkunga alisema.

"Na mgeni anakuja."

Nilimwambia mkuu kwamba huyu msichana akifia kwenye kivuli cha turubai, hiyo nayo nitaiandika kwenye taarifa, na aya hiyo nitaipeleka Dar mwenyewe kwa miguu. Naye akaanza kunijibu kuhusu itifaki. Mgambo mmoja akasogea mlangoni kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Wakati sisi wasomi wawili tunabishana, yeyo, ambaye nadhani hakuelewa hata nusu ya maneno yetu, alichomoa kisu chake cha kuchunia ngozi, akaukata utepe, akaurusha pembeni kama kamba ya mbuzi, na wanawake wakaingia na mgonjwa wao.

"Ule utepe tumeutoa Arusha," mkuu alisema, polepole.

Mkunga alifunga mlango kwa ndani. Mkuu alitafuta ncha mbili za utepe kwenye vumbi, akazifunga fundo, akalivuta lionekane dogo, akaurudisha mahali pake. Kila msichana alipolia, mkuu alikohoa. Hatimaye tukasikia sauti nyingine, nyembamba na yenye hasira, na wanawake wakaanza kuimba humo ndani. Dereva wa lori alivua kofia. Mimi nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama, nikamshukuru Mungu kwa Kiiraqw, maana kwa Kiswahili niliona kama naandika ripoti.

Mgeni rasmi alifika vumbi tupu na wapambe wake. Ikasomwa risala ya wananchi, iliyokuwa imeandikwa ofisini kwetu Arusha. Mzee aliyechaguliwa kuisoma hakujua kusoma, akaishika tu, na mwalimu mmoja akaisoma nyuma ya bega lake: sisi wananchi wa hapa tunaishukuru serikali kwa kutusogezea huduma karibu na makazi yetu. Wananchi wa hapa, waliotoka kule kwa lori, walipiga makofi walipoonyeshwa. Mgeni akaukata utepe, karibu na fundo, na mkuu akafumba macho.

Alipoambiwa kwamba ndani kuna mama amekwisha kujifungua, mgeni rasmi alifurahi kwa dhati, akaingia na mpiga picha. Mkuu alikuwa amesharudiwa na rangi yake. Akaeleza kwamba zahanati ilikuwa imeanza kazi hata kabla ya kufunguliwa, jambo linaloonyesha mwamko. Mgeni alitaka kumpakata mtoto. Yeyo alimfunika mtoto kwa shuka, kwa kuwa kwao mtoto mchanga haangaliwi angaliwi na kila mtu.

"Basi mtoto huyu apewe jina langu," mgeni akasema, huku akigeukia kamera.

"Jina yake bado," yeyo alimjibu. "Hata yako hatujui."

Nyama ililiwa, hotuba ikatolewa ya umuhimu wa vyoo, na mgeni akaondoka mapema ili asikute giza mlimani. Vumbi lake lilipotulia, mkuu alipiga makofi mawili, na vijana wa ofisi wakaanza kubeba vitu. Wakatoa viti. Wakatoa maboksi ya dawa, yale mazito na yale mepesi. Wakakifikia chumba cha wazazi, wakasimama.

"Mwambieni ashuke taratibu," mkuu alisema. "Kitanda ni cha watu."

Mkunga akasema huyu mama ametoka damu nyingi, inafaa alale hapo alipo mpaka kesho, na yeye abaki naye. Mkuu akamwuliza kwake Endabash nani yuko kazini. Hapakuwa na mtu. Mlango wa kwake ulikuwa umefungwa tangu jana, na nje ya mlango huo walikuwepo wanawake wengine, wa kwetu, ninaowajua kwa majina, wenye uchungu wao na siku zao. Nilifungua mdomo kugomba na nikajikuta sijui nagombea upande gani. Kitanda kilikuwa kimoja na mkunga mmoja, na tulikuwa tumevizungusha wilaya mbili kwa lori ili vipigwe picha.

Nilimwambia mkuu neno ambalo nilipolisema baadaye kwa mama yangu alinitaka nikatubu. Safari hii hakucheka. Akasema, "Kitanda nimekiazima kwa sahihi yangu, dada. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikasema ningejenga visimani. Akageuka, akaendelea kusimamia upakiaji.

Yule msichana alishuka mwenyewe. Hakungoja kushikwa. Alikaa kwenye ngozi yake juu ya sakafu ya saruji, mtoto kifuani, akawaangalia vijana wanavyopitisha kitanda mlangoni kwa ubavu. Niliwaambia nitampa nafasi yangu kwenye Landrova ya ofisi, twende naye hadi Karatu, akalazwe huko. Yeyo alikataa. Karatu nani atamchinjia kondoo, nani atampa mafuta anywe arudishe nguvu? Watapumzika hapo, jua likipoa watatembea kidogo kidogo. Nikauliza kwa nini wasirudi na lori. Dereva wa lori akanionyesha geji ya mafuta. Petroli ya ushirika ilikuwa imekadiriwa kuwaleta watu, haikukadiriwa kuwarudisha.

Kwa hiyo lori likageuzia mlimani na kitanda, godoro limefungwa juu kwa kamba, mkunga amekaa kando yake na gauni lake limekunjamana. Mgambo akafunga mlango wa zahanati kwa kufuli, baada ya kuwaomba wale wanawake, kwa adabu, watoke wakae nje kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwachia yeyo khanga yangu na maji yaliyokuwa ndani ya gari. Akavipokea, akanitemea mate kidogo mkononi, ndiyo baraka yao.

Nilipokuwa nafungua mlango wa Landrova akaniita. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza siku ya mnada.

"Mnafungua tena lini? Mke ya kijana yangu ya pili naye iko na mimba."

Nikamwambia sijui, yeyo.

"Ukijua, leta habari mapema," alisema. "Leo ilibaki kidogo tuchelewe."